Muvi iliyogoma kufutika

SWALI: Fundi, salaam. Kompyuta yetu ya nyumbani imejaa, ule mstari wa diski umekuwa mwekundu. Mwanangu alijaza muvi kutoka kwa kijana anayewawekea watu kwenye flashi. Nimefuta karibu zote, lakini bado ni nyekundu, na folda moja imegoma kabisa: inaniambia inatumika kwenye programu nyingine, wakati sijafungua kitu. Nimezima na kuwasha mara tatu. Halafu kuna folda inaitwa Windows.old, imekula gigabaiti zaidi ya 20. Ilitokea wiki iliyopita tulipowekewa Windows 11. Nayo nifute?
Mama wawili, Morogoro

JIBU: Salama, mama. Nianze na swali ambalo hukuuliza: ulipofuta hizo muvi, ulimwaga na kapu la taka? Ukibonyeza Delete, faili linahamia tu kwenye kile kipipa kilichoko kwenye skrini, na huko linaendelea kula nafasi ileile. Nenda kakimwage, kisha utazame tena huo wekundu. Usikimbilie Shift na Delete pamoja, ile inaruka kapu. Mimi mwenyewe niliwahi kuitumia kwenye folda ya picha za harusi ya dada yangu nikidhani ni nakala. Nakala ilikuwa ile nyingine, tena tupu. Nilifanikiwa kurudisha kama nusu, na hizo zilizopotea nakumbushwa kila Idi.

Sasa hiyo iliyogoma. Naamini kweli hujafungua kitu. Nadhani umeiacha folda ionyeshe picha kubwa kubwa za kila muvi. Ili kuchora kile kipicha, Windows yenyewe inalifungua faili. Ikikutana na muvi mbovu, zile zilizonakiliwa nusu flashi ikachomolewa, inang'ang'ana nayo na haiachii. Wewe unazima, unawasha, unaingia kwenye folda ileile yenye picha zilezile, na mshikaji anarudi kazini.

Fungua folda iliyo juu yake, usiingie ndani. Bonyeza Ctrl, Shift na namba 6 kwa pamoja. Picha zitageuka kuwa orodha ya majina bila picha kubwa. Kisha Ctrl, Shift na Esc, utaletewa Task Manager. Tafuta Windows Explorer, bofya kitufe cha kulia cha mausi, chagua Restart. Ule mstari wa chini ya skrini utapotea sekunde chache na kurudi, usishtuke. Sasa futa. Mara nyingi linaondoka bila neno.

Likigoma bado, safari hii chagua Restart kwenye menyu badala ya kuzima. Tangu Windows 8, ukizima kwa kawaida kompyuta huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili iwake haraka, na ukiwasha inairudisha vilevile. Restart ndiyo inayoanza upya kweli.

Windows.old ni ile Windows yenu ya zamani, imewekwa pembeni mkitaka kurudi. Baada ya siku 10 hivi mfumo huifuta wenyewe, kwa hiyo kama kompyuta haiwasumbui, subirini tu. Mkiwa na haraka, msiifute kama folda ya kawaida, itawazungusha kwa maswali ya ruhusa mpaka jioni. Ingieni Settings, System, Storage, Temporary files, mtie tiki kwenye Previous Windows installation. Mkishaifuta, hamrudi tena kwenye ile ya zamani.

Na flashi ya huyo kijana: ukiichomeka ukakuta folda zako zimegeuka vialama vyenye kishale kidogo pembeni, usibofye hata kimoja. Hicho ni kirusi, folda zako halisi kimezificha humohumo. Usiifomati pia. Niandikie kwanza.