Muuguzi kuingia kwenye uandishi wa kitabibu

Dada, umeuliza kama muuguzi wa diploma huko Iringa anaweza kuingia kwenye uandishi wa kitabibu, yaani kazi ya kuandika maelezo na ripoti za tiba na utafiti, bila kurudi chuo. Anaweza, ila waajiri watataka kuona ulichoandika. Chukua makala ya utafiti iliyo bure mtandaoni, iandike upya ukurasa mmoja kwa ajili ya mgonjwa. Wengi hukwama kwenye takwimu: makala inasema dawa imepunguza hatari kwa nusu, kumbe waliougua wametoka 2 kati ya 100 hadi 1. Andika hiyo 2 na hiyo 1, mwajiri atajua umeelewa.

Mwongozo wa CONSORT, wa namna ya kuripoti majaribio ya tiba, usome, na kozi ya GCP, ya kanuni za kuendesha vizuri utafiti kwa watu, ifanye mapema, maana kwenye majaribio ya dawa wataiuliza tu. Hapa Mbeya kuna kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wanatafiti kifua kikuu na VVU. Kazi za namna hiyo zina fomu za ridhaa na maelezo kwa jamii, na aliyezoea kumweleza bibi wa Rungwe kwa nini anatolewa damu tena (na bibi akakubali!) namwamini kuliko mwenye digrii ya habari. Kiingereza cha kuandika kinoe. Wanaodai "ada ya usajili" ya kazi za mtandaoni, achana nao.