Hendibreki ya Umeme Ikigoma, Usikimbilie Kununua Kalipa

Tangu niweke picha ya mikono yangu ikiwa myeusi kwa vumbi la breki, meseji hazikatiki. Karibu zote zinauliza jambo moja: hendibreki ya umeme imegoma, fundi anasema ninunue kalipa nzima, yaani kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, nifanyeje? Pima kwanza. Hilo ndilo jibu langu, na mengine yote mtanivumilia, maana jambo lenyewe bado linaniuma.

Sisi wa Dodoma tunaojibana tupate gari la maana, baadhi yetu tunaangukia kwenye Volkswagen, Tiguan au Passat. Humo huvuti kitu kwa mkono, unabonyeza kitufe. Kila kalipa ya nyuma imefungiwa mota ndogo mgongoni. Mota inazungusha skrubu iliyo ndani, skrubu inasukuma pistoni, pedi zinabana diski. Zima injini, washa swichi, shusha kioo, bonyeza: utasikia nziii kulia na nziii kushoto. Ukisikia upande mmoja tu, umeshajua pa kuanzia.

Langu lilinyamaza upande wa kulia, tena likiwa limebana. Taa ya njano inawaka, gurudumu halizunguki, gari liko uani kwangu Kisasa na mimi natakiwa Mtumba, kwenye mji wa Serikali, asubuhi. Fundi niliyemwita hakuinama hata kuchungulia. Alitazama dashibodi, akasema, "Mama, kalipa imekufa hiyo. Mwambie baba aje tuelewane bei." Baba mwenyewe hajui kuendesha! Gari ni langu, mkopo nimelipa mimi. Na bei aliyoitaja ilikuwa inakaribia ada ya mwanangu ya muhula mzima, bado mafuta ya breki na kutoa upepo, kwa sababu ukibadilisha kalipa lazima ufungue bomba.

Nikamshukuru, nikamfungulia geti.

Kijana mmoja wa Nkuhungu ndiye aliyekuja na mashine ya kupimia kompyuta ya gari, na tesita ya umeme. Kwanza aliuliza hali ya betri, kwani betri dhaifu nayo huifanya breki hii ilete vituko. Akaweka mawe magurudumu ya mbele, akapiga jeki, akaweka stendi, akachomoa plagi ya mota. Mimi nakaa kwenye kiti nabonyeza kitufe, yeye anashika tesita kwenye plagi. Umeme unafika. Kama umeme unafika na mota haigeuki, mshukiwa wa kwanza ni mota. Usingefika, tungefuata waya, ambazo hukatika pale zinapopindapinda karibu na gurudumu. Kazi yote hiyo haikuzidi muda wa kunywa chai, na fundi wa kwanza aliona haina haja.

Mota inashikwa na skrubu mbili za kichwa cha nyota. Alipoivuta niliinama nione. Mpira wake wa kuzuia maji ulikuwa umelala bapa na kupasuka, na kwenye meno kulikuwa na tope jekundu lililokauka kama udongo wa chungu. Vumbi letu lile, lililoingia kiangazi chote, halafu likapata mvua za Januari. Kalipa yenyewe ilionekana nzima. Akaingiza spana ya nyota kwenye ncha ya skrubu iliyobaki wazi, akaizungusha taratibu kwa mkono, na gurudumu likaachia.

Mota mpya ilitoka Dar kwa basi. Kuifunga ni kazi ndogo: safisha uso wa kalipa, weka mpira mpya, kaza skrubu, rudisha plagi. Mafuta ya breki hayaguswi, kwa sababu mota inakaa nje ya njia yake. Kisha mashine inaiamuru breki ifunge na kufungua mpaka kompyuta ya gari iijue upya. Fundi asiye na mashine hiyo msimpe kazi hii, hata awe shemeji yako. Wako wanaounga mota moja kwa moja kwenye betri kwa waya mbili. Wanaweza kuivunja skrubu ya ndani, na hapo ndipo kalipa itakufa kweli. Hata pedi za nyuma tu zikibadilishwa, breki irudishwe nyuma kwa mashine kwanza, pistoni isisukumwe kwa nguvu.

Wanawake wenzangu, niwaombe kitu. Msiende ndani kupika chai fundi akifika. Kaeni hapo hapo, mbonyeze kitufe wenyewe, muulize umeme unafika au haufiki, na spea ya zamani mwekewe mkononi. Akikasirika, pima na hasira yake. Tumezoea kuambiwa magari hatuyajui, nasi tunaitikia huku tunatoa pochi.

Mota ya kushoto bado ni ile ya zamani, umri uleule, vumbi lilelile. Mpira wake nimeshaubadilisha, na hela ya mota nyingine nimeanza kuitenga.