Go: .(int) inaangusha programu ingawa JSON ina namba

`umri := data["umri"].(int)` inaanguka hata kama JSON ina 27, kwa sababu Go ikisomea JSON ndani ya `map[string]any` hugeuza kila namba kuwa float64 (aina ya namba yenye desimali). Hakuna int (namba nzima) humo kabisa. Ukidai aina isiyokuwemo bila kupokea jibu la pili (ok, linalosema kama aina ni sahihi), programu husimama papo hapo. Pokea yote mawili:

```go
f, ok := data["umri"].(float64)
if !ok {
    return errors.New("umri si namba")
}
```

Ufunguo ukikosekana, au thamani ikiwa null, ok ni false na f ni 0. Tafadhali usiifiche ok kwa `_`: ile 0 itapita kama umri halali, na kosa hilo ni gumu kulinasa kuliko programu kuanguka.

Kisha `int(f)` hukata desimali kimyakimya (27.9 inakuwa 27), hivyo hakiki kwanza `f == math.Trunc(f)`. Kwa namba nzima zinazozidi 9007199254740992, float64 haitunzi kila tarakimu. Hapo washa `UseNumber()` kwenye json.Decoder, dai `json.Number` (namba iliyotunzwa kama maandishi), halafu ita `Int64()`, ambayo hurudisha kosa namba isipofaa.