Uliza Fundi: Waya Uliofungwa Kwenye Bolti

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Corolla 100 ya mwaka 1993, injini ya 5A, niliyoachiwa na baba. Mwaka jana mwezi wa kumi ilichemsha tukipanda mlima wa kwenda Chunya. Fundi wa hapa mtaani akatoa thamostati, akasema kwa baridi ya Mbeya haina kazi, kisha akaunga feni direkti: ukiwasha gari tu, feni nayo inaanza. Tangu hapo haijachemsha, ila inakula mafuta vibaya, asubuhi sailensa inanuka petroli, na mshale wa temperecha haufiki hata robo. Akasema sensa imekufa. Nimeshanunua mbili, zote za waya mmoja, na hakuna kilichobadilika. Halafu kuna waya mwembamba umefungwa kwenye bolti ya bodi karibu na betri. Nikimuuliza ni wa nini, anasema niuache hapo hapo. Je, ninunue sensa ya tatu?
Msomaji wa Uyole, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue. Hela hiyo nunulia thamostati na mfuniko mpya wa rejeta. Sensa zako, pamoja na ile ya kwanza mliyoitupa, nadhani zote ni nzima. Mshale haupandi kwa sababu maji yenyewe ni ya baridi. Thamostati, ile vali inayoyazuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, haipo, na feni inapuliza tangu unapowasha, basi injini itapatia wapi joto?

Lakini huo waya kwenye bolti ndio ulionifanya nichague barua yako. Nitaufikia.

Kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo mafundi wengi wanaviita kwa jina moja, "sensa ya temperecha". Fuata mpira wa juu wa rejeta mpaka unapoingia kwenye injini, upande wa distributa, kile kinachogawa umeme kwenye plagi. Hapo utakuta viwili. Kimoja ni kidogo, kina ncha moja na waya mmoja: hicho ni cha mshale wa kwenye dashibodi, hakina kazi nyingine yoyote duniani. Cha pili kina nyaya mbili na soketi ya plastiki, mara nyingi ya kijani: hicho kinaongea na kompyuta ya injini, na ndicho kinachoamua petroli imwagwe kiasi gani. Cha tatu hakipo hapo. Fuata mpira wa chini mpaka kwenye nyumba ya thamostati, ndipo ilipo swichi ya feni. Hiyo si sensa. Ni swichi kama ya taa ya chumbani, ama imeunga ama imekata, hakuna katikati.

Kwa hiyo wewe ulibadilisha cha mshale mara mbili, wakati mafuta yanaamuliwa na cha nyaya mbili. Na hicho wala usikiguse bado, kwa kuwa kinasema kweli. Kinaiambia kompyuta kwamba injini ina baridi, nayo inamwaga petroli ya kuamshia injini baridi, kutwa nzima. Harufu ya asubuhi inatoka hapo.

Ukitaka kukihakikisha, kipime kwa maltimita, ile mashine ndogo ya kupimia umeme. Mimi hufanya hivi jikoni: sufuria ya maji, kipimajoto, sensa imening'inizwa kwa waya isiguse chini. Maji yakiwa nyuzi 20, sensa nzima ya Toyota inasoma kati ya omu 2,000 na 3,000 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Washa jiko utazame namba zikiteremka taratibu bila kuruka. Kwenye nyuzi 40 inakaribia 1,000, na kwenye nyuzi 80 iwe kati ya 200 na 400. Ikirukaruka au ikiganda mahali pamoja, hapo ndipo ununue. Na kama hutaki kuitoa, fungua kile kiboksi cheusi kilichoandikwa DIAGNOSTIC chini ya boneti, unga TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi ya gari kwa ufunguo bila kuwasha injini, uhesabu taa ya cheki injini inavyopepesa. Mbili, kituo, halafu mbili tena ni namba 22: kompyuta haipati habari sahihi kutoka kwenye sensa hiyo au nyaya zake. Ikipepesa haraka haraka bila kituo, haina lalamiko.

Sasa huo waya. Bila kuuona naamini ni wa swichi ya feni, na aliyeufunga hakuwa na nia mbaya. Kwenye magari mengi ya Ulaya, swichi ya feni hukaa imekata, na maji yakipata moto inaunga. Fundi aliyekulia kwenye hayo anajua kwamba ukitaka feni izunguke muda wote, unaunga nyaya za swichi pamoja, basi. Corolla yako imetengenezwa kinyume. Swichi yake inakaa imeunga na bodi injini ikiwa baridi, na inakata maji yanapofika nyuzi 93 hivi. Yakishuka hadi 83 inaunga tena. Rilei ya feni, yaani swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, nayo ni ya kinyume: ikipata umeme kupitia swichi hiyo inaizuia feni, ikikosa inaiachia. Toyota walikusudia hivyo ili waya ukikatika au soketi ikichomoka njiani, feni izunguke tu na injini yako ipone.

Kwa hiyo kuufunga waya ule kwenye bodi ni kuiambia feni, "Injini ni baridi, usizunguke", hata maji yakitokota. Fundi wako aliufunga, akaona feni imekaa kimya, akadhani rilei imekufa, ndipo akaunga direkti. Ndivyo ninavyousoma mkasa wako.

Jambo hili linaniuma, na nitakwambia kwa nini. Mwaka 2004 nililetewa Corolla kama yako hapa Morogoro, imevutwa kwa kamba kutoka mlima wa Kitonga. Ilikuwa ya mzee mmoja aliyeinunua kwa mafao yake ya kustaafu. Hedi ilikuwa imepinda, gasketi imeliwa kati ya silinda ya pili na ya tatu, maji na oili vimechanganyika vimekuwa kama uji wa ulezi. Nilitafuta chanzo siku nzima. Nilikikuta jioni: waya wa swichi ya feni, umekunjwa vizuri kabisa, umefungwa kwenye bolti ya bodi. Mzee aliniuliza, "Kumbe ni huo tu?" Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo, Corolla ikiletwa kwangu kwa kuchemsha naanza na waya huo kabla hata ya kugusa rejeta.

Fanya hivi. Injini ikiwa imepoa, chomoa ile waya ya direkti ya fundi. Halafu fungua ule waya kwenye bolti, uache ukining'inia bila kugusa chochote, kisha fungua swichi ya gari. Mikono iwe mbali na feni. Ikizunguka, rilei ni nzima, na mfumo wa kiwandani uko tayari kufanya kazi. Rudisha waya kwenye swichi yake: feni lazima inyamaze. Isiponyamaza, angalia kama rilei haijabadilishwa. Zinafanana kwa umbo, na ukiweka rilei ya kawaida mahali pa ile ya kinyume, utapata feni inayozunguka asubuhi na kukata wakati wa moto.

Baada ya hapo weka thamostati, iliyoandikwa 82, yaani nyuzi inapoanza kufunguka. Washa injini isimame pale nje, usubiri. Feni ikianza mshale ukiwa katikati, na baada ya muda ikakata yenyewe, umemaliza. Mshale ukipita katikati bila feni kuanza, zima mara moja, maana swichi imeganda ikiwa imeunga. Hapo ndipo kuna spea ya kununua, na huenda ndiyo iliyokuchemshia gari kule mlimani.

Swichi hii usiisumbukie kwa sufuria. Kwenu Mbeya, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji kwenye sufuria wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo hutaona vizuri inapokatia. Na sababu hiyo hiyo ndiyo iliyonifanya nitaje mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima ulioandikwa 0.9, ambacho ni kipimo cha mgandamizo, unayabana maji mpaka yapite nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira wake ukiliwa, maji yako yanatokota wakati feni ndiyo kwanza inaanza. Usiufungue kamwe gari likiwa la moto.

SWALI: Golf 2 yangu, nikishazima na kuchukua ufunguo, feni inaendelea kuzunguka dakika kadhaa. Je, itanimalizia betri?
Msomaji wa Tanga

JIBU: Hiyo haina ugonjwa. Swichi yake imefungwa kwenye rejeta yenyewe na inapata umeme moja kwa moja, haipitii kwenye ufunguo. Ni ya aina ya Ulaya niliyoitaja hapo juu: inaunga kwenye joto, inakata maji yakipoa. Ikizidi dakika kumi na tano na rejeta ukiishika ni ya vuguvugu tu, chomoa soketi ya swichi. Feni ikisimama, swichi imeganda, nunua mpya. Isiposimama, tafuta waya uliochubuka. Na kwa kuwa feni hiyo inaweza kuanza hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, toa terminali ya betri kabla hujaingiza mkono pale.