Kioo Kikipasuka Ujue Nani Anakuja: Maswali Yenu Kuhusu Nyimbo za Mieleka

Mwezi uliopita tuliwaambia mtutumie maswali ya mieleka, tukajua tu mtauliza lile la siku zote, eti ni kweli wanapigana au maigizo. Kumbe wapi, meseji nusu nzima ni za muziki! Basi twende nao, na wale wa "maigizo au kweli" mtusubiri.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi na mjomba wangu tunabishana hadi chakula kinapoa. Yeye anasema Hulk Hogan ndo alianza kuingia ulingoni na wimbo, mimi nasema Undertaker. Nani kashinda? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Wote mmekosa ila mjomba kakosa kidogo kuliko wewe, kwahiyo msalimie kwa adabu. Undertaker kaanza WWF (kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, siku hizi inaitwa WWE) Novemba 1990, wakati huo Hogan ana miaka mingi tu anaingia na muziki. Ila rudi nyuma zaidi mpaka Marekani ya miaka ya 1940, TV ndo kwanza zinaingia majumbani, kuna bwana anaitwa Gorgeous George, jina la nyumbani George Wagner. Huyu nywele kazitia rangi ya dhahabu na kuzikunja mawimbi, joho linaburuza chini, na ana mtumishi wake anayetangulia kupulizia ulingo manukato kabla bosi hajakanyaga, hata refa anapuliziwa mikono ndo aruhusiwe kumgusa. Na nyuma yake inapigwa "Pomp and Circumstance" ya Muingereza Edward Elgar, ya mwaka 1901, ule muziki ambao Wamarekani wanautumia kwenye mahafali. Watu walimchukia mpaka raha, wakajaza kumbi ili wamuone anapigwa. Miaka ya 1980 Randy Savage akaja akauchukua muziki uleule na majoho ya kung'aa, na wengi wetu tukadhani ni wake tangu mwanzo.

Katikati hapo Wajapani hawakulala. Mil Máscaras, yule wa Mexico wa vinyago, alikuwa anaingia kule Japani na "Sky High" ya kundi la Jigsaw tangu 1977. Kusini mwa Marekani wakatokea timu ya Fabulous Freebirds, mmoja wao Michael Hayes akaona kwanini nitumie wimbo wa mtu, akaingia studio mwenyewe mwaka 1983 akaimba "Badstreet USA". Hogan alipoanza kuwaka alikuwa anatumia "Eye of the Tiger" ya Survivor, wimbo wa filamu ya Rocky III ambayo na yeye kaigiza humo. Halafu ndo ikaja "Real American", na hii mwambie mjomba uone sura yake: wimbo ule haukutungwa kwa ajili ya Hogan! Walitungiwa Barry Windham na Mike Rotundo, walikuwa timu ya watu wawili, yeye akaurithi tu na dunia nzima ikasahau.

Sasa niruhusuni nichepuke kidogo maana kuna stori hapa inatuhusu kabisa, hasa wasomaji wetu wa Kongo. Tarehe 30 Oktoba 1974 Kinshasa, Muhammad Ali na George Foreman, uwanja mzima unaimba "Ali, boma ye", yaani kwa Kilingala, Ali muue. Hiyo kila mtu anaijua. Miaka miwili baadae, Juni 1976, Ali akaenda Tokyo kupambana na mwanamieleka Antonio Inoki pale Budokan, pambano la ajabu kweli, raundi 15 Inoki muda mwingi kalala chali anampiga Ali mateke ya miguu, mwisho sare, watu wanadai hela zao, na Ali miguu imevimba hadi hospitali. Ila hawa mabwana wakaja kuwa marafiki. 1977 ikatoka filamu ya maisha ya Ali ina muziki wenye ile kelele ya Kinshasa ndani yake, na Ali akampa Inoki huo muziki kama zawadi. Wajapani wakaupika upya, wakaweka jina lake, ukawa "Inoki Bom-Ba-Ye". Kwahiyo miaka na miaka Wajapani wanajaza ukumbi wanaimba kelele ya Kilingala iliyotoka kwa watu wa Kinshasa, wala wengi hawajui imetoka wapi. Inoki alipostaafu 1998 pale Tokyo Dome, Ali alikuwepo. Inoki alifariki 2022 na mpaka leo ukiupiga ule muziki Japani wazee wanasimama. Mimi nikiulizwa wimbo bora wa kuingilia ulingoni wa wakati wote nataja huu, na mtu wa "Real American" asinisogelee.

SWALI: Kwanini nyimbo nyingi za WWE zinaanza na kishindo, mara kioo kinavunjika, mara kengele, mara sauti ya mtu? Si wangeanza na wimbo wenyewe tu? (Baba wa watatu, Mombasa)

JIBU: Baba, hapo umeshika penyewe. Ule wimbo kazi yake ya kwanza sio kusikilizwa, ni kupiga hodi. Fikiria ukumbi una watu elfu kumi na tano, wengine wanakula, wengine wanarudi chooni, watoto wanalia, na wewe una sekunde moja tu ya kuwaambia wote kwa pamoja nani anakuja. Gitaa la taratibu la sekunde ishirini halifanyi hiyo kazi, kioo kikipasuka inafanya.

Aliyeijua hii siri kuliko wote ni Jim Johnston, aliyewatungia WWE muziki tangu 1985 mpaka 2017. Kile kioo cha Stone Cold Steve Austin ni chake, mwaka 1996, Austin mwenyewe alikuwa anataka kitu chenye hasira kama "Bulls on Parade" ya Rage Against the Machine, Johnston akaenda kumtengenezea gitaa la hivo na mbele yake akapasua kioo. Undertaker yeye kengele moja nzito, gooong, taa zinazimika, halafu polepole inaingia ile maombolezo ya Chopin ambayo Johnston ameichanganya na vyake. Mtu anatembea taratibu hadi unaweza kwenda kuchemsha chai ukarudi hajafika, na hakuna anayelalamika.

Na uzuri wa hodi ni kwamba inafanya kazi hata mwenyewe hajaonekana. Vince McMahon, bosi wa WWE enzi hizo, yupo ulingoni anatamba na maikrofoni, kioo kinapasuka, hata kabla Austin hajatokeza ukumbi mzima umesimama na Vince sura imeshabadilika. Muziki umeshaigiza nusu ya tukio.

Ukitaka kuona inavyotumika kisawasawa tafuta Royal Rumble ya Januari 2008, Madison Square Garden, New York. Rumble si mnaijua, watu 30 wanaingia mmojammoja, saa kubwa inahesabu kutoka kumi kurudi chini, watu wanahesabu nayo, halafu kimya cha nusu sekunde, na hicho kimya ndo utamu wenyewe. Namba 30 haijulikani ni nani. John Cena alichanika msuli wa kifua Oktoba 2007 akafanyiwa upasuaji na kila mtu alijua bado miezi kibao. Saa ikafika sifuri, ulingoni mwanamieleka Triple H anaangalia mlangoni, kimya... halafu zile tarumbeta za wimbo wa Cena. Hawa ni watu wa New York ambao Cena walikuwa wanamzomea kila wiki, wamelipuka kwa furaha kama timu yao imefunga dakika ya tisini, na baadae kidogo ndo wengine wakakumbuka kwamba huyu wanamchukia wakaanza kuzomea hahaha. Akashinda. Sasa we niambie, angetokea tu bila muziki, angetembea tu kutoka mlangoni, ingekuwa hivo?

SWALI: Kwanini walikuwa wanamwimbia Cena matusi kwenye wimbo wake na yeye anacheka? (Dada K., Nakuru)

JIBU: Dada, ni mapenzi ya wapenda mieleka hayo, yamepinda kidogo. Wimbo wake "The Time Is Now" kaimba mwenyewe na binamu yake, 2005, na zile tarumbeta zimetolewa kwenye rekodi ya zamani ya Pete Schofield. Zinaacha nafasi ambayo "John Cena sucks", yaani Cena hafai, inaingia kama imepimwa, watu wakaona. Kurt Angle kabla yake ilikuwa hivohivo, kuanzia 2002 kila kipigo cha muziki wake ukumbi unajibu "you suck", yaani hufai, na cha kuchekesha zaidi wimbo ule haukuwa wake wa kwanza, 1997 ulikuwa wa jamaa anaitwa The Patriot. Mashabiki wakishauweka mdomoni, wimbo si wako tena.

SWALI: Nilikuwa naangalia kanda za ECW enzi hizo, The Sandman anaingia na Metallica. Juzi nimeangalia mapambano yaleyale mtandaoni, wimbo mwingine kabisa, hauna hata ladha. Nimechanganyikiwa mimi au wamebadilisha? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Hujachanganyikiwa ndugu yangu, wamebadilisha. ECW ilikuwa kampuni ndogo ya Philadelphia miaka ya 1990, wao walikuwa wanapiga tu nyimbo za mastaa kwenye ukumbi bila kujiuliza sana kesho itakuwaje. Sandman anatokea katikati ya mashabiki, sigara mdomoni, kopo la bia mkononi, fimbo, anajigonga kopo kichwani mpaka damu, na "Enter Sandman" inapigwa karibu yote na ukumbi mzima unaimba. Bila ule wimbo ni mlevi tu kapotea njia.

Ila haki za muziki haziko moja. Kuna ruhusa ya kuupiga ukumbini, hiyo rahisi, mara nyingi mwenye ukumbi ameshailipia kwa mwaka. Kuna ya kurusha hewani. Na kuna ya kuuweka juu ya picha na kuiuza ile picha, kanda, DVD, mtandaoni, hiyo ndo ghali na kila mlango mpya ni mazungumzo mapya, unakaa na mtunzi, unakaa na kampuni ya rekodi. WWE waliponunua maktaba ya ECW wakakuta masaa na masaa ya nyimbo za watu, wakaona bora tufute tuweke za kwetu. Mwaka 2005 walipofanya ile shoo ya kumbukumbu, One Night Stand, wakailipia Metallica, Sandman akaingia na wimbo wake na ukumbi uliimba mpaka basi.

Ndo maana pia kina Johnston waliajiriwa. Wimbo ukiwa wa kampuni, hakuna wa kukupigia simu, na unauza kanda na albamu juu yake. Ubaya wake nausema mimi: miaka ya karibuni nyimbo nyingi za ndani zimekuwa kama zimetoka kiwanda kimoja, ukifumba macho huwezi kujua nani anaingia, na hapo hodi imekufa. Wenye akili wanapigania zao. CM Punk 2011 alirudi na "Cult of Personality" ya Living Colour, wimbo wa 1988, na 2013 bendi yenyewe ikampigia laivu WrestleMania, ile shoo kubwa ya WWE ya kila mwaka. Cody Rhodes "Kingdom" yake ya Downstait alianza nayo nje ya WWE, akaitumia AEW, kampuni pinzani, akarudi nayo WWE 2022 na siku hizi uwanja mzima unamalizia ile "woo" yake. Na AEW kwa ujumla hawaogopi kulipia, Jon Moxley aliingia na "Wild Thing", Chris Jericho akaja na "Judas" ya bendi yake mwenyewe Fozzy, huyo hela anajilipa.

SWALI: Naoa Desemba hapa Dar. Nataka niingie ukumbini na muziki wa Undertaker, taa zizimwe, moshi, nitembee taratibu. Mchumba hataki hata kusikia. Nisaidieni kumshawishi. (Bwana harusi mtarajiwa)

JIBU: Hatukusaidii. Kaka, ule ni muziki wa maziko! Chopin aliutunga kama maandamano ya jeneza, wanamsindikizia nao marehemu, halafu wewe unataka mama mkwe aukute mlangoni na taa zimezimwa? Bibi harusi ana haki, na wakwe wakisikia ile kengele kikao cha familia kitaitishwa hapohapo.

Kama mieleka lazima, chukua ule wa Randy Savage. Ni wa mahafali, una heshima zake, shangazi wataona ni kitu cha kizungu cha maana na washkaji wako meza ya nyuma watajua. Mpe DJ kipande mapema, kisiwe kwenye simu yenye meseji zinazoingia, na mwambie asikififishe kwa kuanza polepole, kianze kwa sauti kamili. MC anyamaze kabisa, hii muhimu maana MC wetu hawajui kunyamaza. Na wewe usitoke mlangoni muziki unapoanza, subiri kwanza watu wageuke, hesabu tatu, ndo utoke. Video ukija kuipandisha YouTube usishangae ikizuiwa, Elgar alishafariki 1934 na muziki wake ni wa wote, ila orkestra iliyorekodi hiyo uliyoidownload ina wenyewe.