Usitoe albamu kama hakuna anayeisubiri

Albamu yangu ya kwanza ya hip hop niliirekodi miaka miwili, nyimbo 17, na katika hiyo miaka miwili sikutoa nje hata wimbo mmoja. Nilikuwa naogopa watu wataniibia mistari, naogopa ngoma zitachuja kabla ya siku yenyewe, kwahiyo kila kitu kikakaa kwenye kompyuta ya prodyuza. Siku ikafika nikaiweka mtandaoni usiku, nikalala nikijua naamka mtu mwingine. Wiki nzima ikasikilizwa na watu ambao ningeweza kukutajia majina yao mmoja mmoja. Iliniuma sana aisee, karibu mwaka sikushika maiki.

Ndani ya huo mwaka ndo nikairudia Get Rich or Die Tryin', albamu ya rapa wa Marekani 50 Cent, na safari hii sikuisikiliza kama shabiki, niliisikiliza kama fundi anayezunguka nyumba ya mwenzake anaangalia msingi. Ilitoka tarehe 6 Februari 2003, ndani ya siku nne ikauza nakala 872,000 Marekani, wiki ya pili ikauza 822,000, na mpaka mwaka unaisha ndo ilikuwa albamu iliyouza kuliko zote kule. Na hizo ni CD jamani, mtu anatoka nyumbani na hela yake mfukoni anaenda kununua. Swali lililonikaa kichwani ni hao watu wote walitokea wapi siku ya kwanza, wakati ndo kwanza jamaa anatoa albamu chini ya lebo kubwa?

Ukitaka jibu inabidi urudi nyuma miaka kama mitatu. Mwaka 2000 tayari alikuwa na albamu nyingine kabisa, Power of the Dollar, chini ya lebo ya Columbia. Tarehe 24 Mei akiwa kwenye gari huko kwao Queens, New York, akapigwa risasi tisa, moja ikaingia shavuni, akapona lakini sauti yenyewe ikabadilika, lebo ikamwacha na ile albamu haikutoka. Mtu mwingine hapo angekaa kusubiri lebo nyingine imwonee huruma. Yeye akaingia studio na prodyuza anaitwa Sha Money XL wakaanza kutengeneza mikstepu, yaani mikusanyiko ya nyimbo inayosambazwa mitaani bila kupitia lebo kubwa, na mwaka 2002 zikatoka kwa kufuatana, 50 Cent Is the Future na No Mercy, No Fear, yeye na wenzake wa kundi lake la G-Unit wanachukua biti za wasanii wengine ambazo tayari zinavuma, wanachana juu yake.

Sasa hapa naomba usipite haraka maana ndo utamu wote ulipo. Wachanaji wengi wakichukua biti ya mtu wanamwaga mistari tu mpaka biti iishe, hakuna kichwa hakuna miguu. 50 alikuwa anaandika wimbo mzima, una vesi zake, una korasi yake mpya, yaani biti unaijua lakini ukitoka hapo unaimba korasi ya kwake. Msikilizaji hahangaiki kuizoea biti, kitu kipya anachokutana nacho ni wewe peke yako. Na hakuokota tu hii akili, Jam Master Jay, DJ wa kundi la hip hop la Run-DMC, ndo alimkalisha chini miaka ya nyuma akamfundisha kuhesabu baa, yaani vipimo vya mapigo ya biti, na kupanga wimbo. Mikstepu zikazagaa mitaani, watu wanazinakili wenyewe, halafu nakala ya mkusanyiko wake wa Guess Who's Back? ikamfikia rapa Eminem, 50 akasainiwa kwa dola milioni 1 chini ya Shady, lebo ya Eminem, na Aftermath, lebo ya prodyuza Dr. Dre. Kwahiyo siku anaingia kwa Dr. Dre watu walikuwa wameshapatikana, ilibaki kuwapa albamu. Mpaka nakala za wizi zikaanza kuuzwa kabla ya muda na lebo ikalazimika kuitoa mapema kuliko tarehe iliyopangwa.

Kuna kitu kingine zile mikstepu zilimpa na mi naona hakisemwi vya kutosha. Ile biti ya In da Club, ya Dre na Mike Elizondo, walipewa kwanza D12, kundi la Eminem, wakashindwa kujua waifanyie nini. 50 akaja akaipatia wimbo, ukakaa namba 1 kwenye Billboard, chati ya nyimbo ya Marekani, wiki tisa. Kwanini yeye aliweza? Kwa maoni yangu ni kwasababu alikuwa ametoka kuandika nyimbo juu ya biti ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake, hiyo ndo ilikuwa shule yake, ukimpa biti ya ajabu ajabu hashtuki.

Basi na mi nikaanza upya. Kila Ijumaa kwa miezi sita natoa wimbo mmoja, biti za watu, korasi yangu, bure kabisa. Nisisitize hapo kwenye bure, biti ya mtu usiiuze, na hata ukiweka bure kuna siku wimbo utashushwa, zangu mbili zilishushwa na sikubishana maana kazi sio yangu. Mwezi wa kwanza na wa pili kimya tu, nilitaka kuacha kabisa. Mwezi wa tatu mtu nisiyemjua akaniandikia Ijumaa jioni ananiuliza mbona leo kimya, nilikuwa nimechelewa masaa mawili tu. Nilikaa naangalia ile meseji muda mrefu.

Korasi nilikuwa najipima hivi, namsikilizisha mtu mara moja tu, tunapiga stori nyingine kabisa kama saa nzima, halafu namwomba aniimbie. Akikumbuka hata kipande naendelea nayo, akisema tu ilikuwa nzuri natupa. Zilienda nyingi sana kwa njia hiyo na nyingine nilizipenda mno. Mambo ya miksi na masta, yaani kuchanganya sauti na kuzing'arisha mwishoni, sitaki kurefusha, tafuta mtu mwenye masikio asiyekuogopa, mlipe.

Halafu kuna suala la nyimbo gani iingie ipi iachwe, na hili ndo lilinigharimu zaidi. Kwenye albamu ya 50 kuna 21 Questions, wimbo wa mapenzi, mwimbaji Nate Dogg kwenye korasi. Dre hakuutaka, alikuwa anaona mtu anayechana ugumu vile atawekaje wimbo laini kama huo, na 50 akashikilia kwamba yeye ana pande mbili na zote ni zake. Ukaingia, ukapanda namba 1 wiki nne. Fikiria umeshaachwa na lebo moja, umekaa mbele ya Dr. Dre mwenyewe, unamwambia hapana huu wimbo unabaki. Mi kwenye albamu ya kwanza nilikuwa na wimbo wa barua kwa mdogo wangu aliyefariki, prodyuza akasema unapoozesha albamu, nikautoa siku hiyohiyo bila hata kuuliza mtu wa pili. Simlaumu, alisema anachokisikia. Tatizo sikuwa na msikilizaji hata mmoja wa kumwendea nikamwambia hebu sikiliza, kwahiyo neno la mtu mmoja chumbani likawa ndo hukumu.

Ndo maana nakwambia tafuta watu kwanza, sio kwa ajili ya mauzo tu. Ukiwa na watu hamsini wanaokufuata kila Ijumaa unajua wimbo gani unawagusa kabla hujalipia masta, unajua upi wanauruka katikati, na ukikaa na prodyuza anayekuzidi uzoefu unakuwa na kitu cha kumjibu.

Albamu ya pili nimetoa nyimbo tisa tu, na sio albamu kubwa kwa hesabu za mtu yeyote, ila siku inatoka kulikuwa na watu wamekaa macho wanaisubiri. Ile barua ya mdogo wangu niliirekodi upya ikaingia ya mwisho, na nikipanda jukwaani sasa hivi, kabla sijasema hata habari zenu, kuna mtu huko nyuma anakuwa ameshaanza kuiomba.