Usiiwashe kwanza

Ukienda kununua amplifaya ya gitaa ya zamani, ya valvu (zile chupa za kioo zinazokuza sauti), muuzaji ana neno moja tu la kukupa: "Inawaka." Nawe moyo utakudunda, utataka aiwashe uone vile vioo vikigeuka rangi ya kaa la moto. Mwombe asiiwashe. Ukikuta ameshaichomeka, ichomoe ndipo muongee bei.

Nasema hivi kwa kuwa ya kwanza niliiua kwa mkono wangu. Ilikuwa ya Kimarekani, ya volti 117, nami kwa pupa nikaitia kwenye stima yetu ya volti 240, nyumbani Kisauni. Haikutoa hata noti moja. Ilitoa harufu kama ya lami, kisha moshi, kisha mama mwenye nyumba akagonga mlango. Transfoma ikafa pale pale. Kwa hiyo kabla ya lolote soma kibati cha nyuma. Za Uingereza nyingi zina swichi ya kuchagua volti, na hiyo nayo huenda mtu aliizungusha zamani akaisahau.

Ya pili ndiyo niliyo nayo hadi leo: Selmer ya London, wati 50, ya miaka ya 60, ile iliyovishwa ngozi bandia ya mamba. Niliipata Mji wa Kale kwa bibi mmoja ambaye marehemu mumewe alipiga gitaa kwenye mahoteli ya pwani ya kaskazini. Ilikuwa chini ya ngazi, imefunikwa leso, na juu yake ndoo ya maji.

"Shikamoo, Bi. Mara ya mwisho ilipigwa lini?"

"Marahaba, mwanangu. Huyu alikuwa darasa la pili." Akanionyesha mwanawe, bwana mzima mwenye ndevu za mvi.

Niliomba bisibisi na ruhusa ya kuifungua mgongo. Hapo ndipo pa kutumia muda wako. Rangi, vitufe na kitambaa cha mbele visikushughulishe, hivyo vyote hupatikana. Angalia transfoma. Ndiyo mali yenyewe, maana valvu zinatengenezwa mpaka leo Slovakia, Urusi na China, lakini transfoma ya miaka 60 ikiungua, utatafuta fundi wa kuisuka upya hadi uchoke. Inuse. Iangalie kwa tochi kama imetoa nta au imebadilika rangi. Kisha tia mita kwenye ohm, upime transfoma ya spika: kutoka pini ya tatu ya kila EL34, zile valvu kubwa za kutoa nguvu, hadi waya wa katikati wa transfoma hiyo. Pande mbili zikikaribiana, salama. Upande mmoja usiposoma kitu, aga kwa heshima.

Yangu ilisoma vizuri. Kwingine kote ilikuwa ni hali ya Mombasa tu: pini za soketi zimeota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi, na baina ya soketi mbili mjusi kafiri alikuwa ametaga. Maganda mawili meupe, yameganda kama yamebandikwa kwa gundi. Niliyatoa kwa mswaki mkukuu na spiriti, jioni nzima.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja wa redio, karibu na Mwembe Tayari. Hakuuliza inalia vipi. "Mwanangu, kilicholala miaka yote hii hakiamshwi kwa kofi." Akaniuliza kama nina balbu. Si hizi za kubana stima, wala LED. Ile ya kizamani yenye uzi ndani, ya wati 100. Unaifunga kwenye waya mmoja wa umeme, kabla haujafika kwenye amplifaya, ili umeme wote upitie kwenye balbu kwanza. Kukiwa na shoti ndani, balbu inawaka kwa nguvu na kubaki hivyo, na amplifaya yako inasalimika. Balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, endelea. Siku hizi balbu hizo utazikuta zaidi kwa wafuga vifaranga, na yake aliitoa huko huko bandani.

Tulianza bila valvu. Kisha tukabadilisha kapasita kubwa zote, zile zinazohifadhi umeme, maana maji yake ya ndani hukauka kwa miaka hata zikionekana nzima. Hapa sifanyi mzaha: kapasita hizo hushika zaidi ya volti 400 hata baada ya kuchomoa plagi. Zimwage umeme kupitia rezista, pima kwa mita, pima tena, na mkono mmoja uweke mfukoni. Kama hujawahi kushika chuma cha kulehemu, kazi hii mwachie fundi, wewe shika tochi.

Kapasita ndogo zinazopeleka sauti kwenye EL34 nazo zikivuja, valvu inakuwa nyekundu tumboni na kufa. Mbili zilikuwa zinavuja. Valvu za EL34 nilinunua mpya na mzee akazirekebishia mkondo wake. Zile ndogo za ECC83, za zamani, zilikuwa bado nzima. Ukiagiza, jua kwamba ECC83 na 12AX7 ni kitu kimoja, usije ukalipia mara mbili.

Waya wa umeme tulitupa. Ulikuwa wa rangi za kale, nyekundu na nyeusi, na ule wa kijani wa ardhi mtu alishaukata, pengine kuondoa mvumo. Hivyo ndivyo wapiga gitaa wanavyopigwa na umeme mdomoni wakigusa maikrofoni. Rudisha waya wa ardhi, na kwenye plagi tia fyuzi ya ampea 3, si ile ya 13 inayokuja nayo.

Jambo jingine, na hili hata waliobobea husahau: Selmer hii ni kichwa kitupu, spika iko mbali. Usiiwashe kamwe kabla spika haijaunganishwa, la sivyo ile transfoma uliyoilinda inaungua.

Kununua ilinigharimu shilingi 28,000, kutengeneza 19,000, na nyingi katika hizo ni valvu na kuzisafirisha. Nilitaka kumlipa mzee ile balbu pia. Akakataa, akasema niirudishe kabla ya magharibi, vifaranga wasilale baridini.